Tusiwacheke Vijana wa Mashine ya Vinywaji

Katika maonyesho ya vyuo vya uhandisi, ulimwenguni kote, pana meza moja ambayo huzungukwa na watu kuliko meza nyingine zote. Juu yake pamesimama sanduku la mbao au la bati. Chupa zimepangwa safu moja. Mpira mwembamba watoka katika kila chupa. Na chini kabisa imetegwa glasi tupu. Mtazamaji hubonyeza kitufe, au hugusa kioo cha simu. Pampu zanguruma. Kabla hajamaliza kumwuliza mwenziwe ni kitu gani hiki, glasi imejaa kinywaji kilichochanganywa kwa kipimo. Watu hupiga makofi, hucheka, hupiga picha, kisha huulizana swali lile lile: "Je, haya ndiyo waliyotumwa na wazazi wao kuja kuyasoma?"

Swali hilo si la kipumbavu, wala sisi hatulipuuzi. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili kulipa ada hakuwa na nia ya kumsomesha mhudumu wa karamu asiye na miguu. Visima vya vijijini vyaharibika vikakosa fundi. Zahanati zina vyombo vilivyokufa na kufunikwa kwa shuka. Na huyu kijana, ambaye amepewa miezi michache tu ya kufanya kazi yake ya mwisho chuoni, azitumia siku hizo kuchanganya sharubati! Hata hivyo, baada ya kulitazama jambo hili kwa makini, twaona kuwa wanaocheka wamekosea, na wanaoshangilia wamekosea vilevile. Wote wawili wameitazama glasi. Hawakukitazama kipimo.

Kwanza yafaa tujue kuwa mchezo huu una umri mkubwa. Karibu miaka elfu mbili iliyopita, mjini Iskandaria katika nchi ya Misri, Heron aliandika habari za chombo kilichokuwa kikitoa maji hekaluni. Mtu alitumbukiza sarafu, uzito wa sarafu ukabonyeza wenzo, wenzo ukafungua vali, maji yakatoka, na sarafu ilipoteleza na kuanguka, vali ikajifunga yenyewe. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, ndugu watatu waliojulikana kama Banu Musa waliandika kitabu cha vyombo vya ajabu, na kati yake mlikuwamo mitungi iliyotoa vinywaji mbalimbali kwa mdomo mmoja. Tena mwaka 1206, al-Jazari, fundi mkuu wa watawala wa Diyarbakir, mji uliomo leo katika Uturuki, alimaliza kitabu chake chenye michoro ya mashine nyingi, na mojawapo ilikuwa sanamu ya mjakazi iliyotoka mlangoni yenyewe ikiwa na kinywaji mkononi.

Je, watu wale walikuwa wapuuzi? La. Al-Jazari huyo huyo alichora pampu za kupandishia maji na saa za kupimia siku. Karamu ya mfalme ilimpa nafasi na gharama ya kujaribu. Lakini ujuzi wa vali, wa kuelea, wa gurudumu na wa wenzo haukubaki karamuni. Mafundi waliomfuata waliurithi.

Mchezo huo umefufuka katika siku zetu, na sababu yake ni kushuka kwa bei ya vyombo. Mwaka 2005, katika chuo kimoja cha usanifu mjini Ivrea, Italia, walimu na wanafunzi walitengeneza kibao kidogo cha kompyuta chenye bei nafuu, ili mtu asiye bingwa wa elektroniki aweze kuamuru taa, mota au pampu. Walikiita Arduino. Jina hilo walilichukua katika baa waliyozoea kukutana, nayo baa ilikuwa imechukua jina la mfalme wa kale wa mji huo. Basi, msomaji asistaajabu sana akisikia kuwa kibao kilichopewa jina la mahali pa kunywea kimeingia katika mashine za kuchanganyia vinywaji za wanafunzi wa kila bara.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1999, mjini Vienna, lilianzishwa tamasha liitwalo Roboexotica, ambalo kazi yake ni kuonyesha roboti zinazochanganya na kugawa vinywaji. Mwaka 2013 maabara moja ya chuo cha MIT, Marekani, ilionyesha mashine iitwayo Makr Shakr, kwanza mjini Milan na kisha San Francisco: mikono mitatu ya roboti, ya namna ile itumikayo viwandani, iliyotikisa na kumimina vinywaji kwa maagizo ya simu. Miondoko ya mikono hiyo iliigwa katika miondoko ya mcheza dansi Roberto Bolle. Mwaka uliofuata mikono miwili ya namna hiyo ilipandishwa katika meli ya abiria iitwayo Quantum of the Seas. Mwaka huo huo wa 2013, mjini Atlanta, vijana waliohitimu chuo cha Georgia Tech waliuomba umma uwachangie fedha ili watengeneze mashine yao iliyoitwa Monsieur, sanduku la kuchanganyia vinywaji vya baa na vya nyumbani.

Hayo ni ya wenye fedha. Sisi twapenda kumtazama mwanafunzi mwenye kibao kimoja, pampu nne, betri ya volti 12 na sanduku la mbao, kwa kuwa ni hapo elimu ilipo.

Siku ya kwanza kazi huonekana nyepesi. Kijana anunua pampu ndogo iwezayo kutoa mililita 100 kwa dakika. Atafuta sharubati ya ukwaju, maji ya tangawizi na shira ya sukari. Aandika programu: washa pampu ya kwanza kwa sekunde 30, ya pili kwa sekunde 60, ya tatu kwa sekunde 12. Glasi yajaa, rafiki zake waonja na kusifu. Ndipo mwalimu aliye mwerevu humwuliza swali moja tu: "Na wageni 300 je?"

Hapo hesabu huanza kuuma. Ikiwa kila glasi yahitaji dakika moja, wageni 300 wataka dakika 300, yaani saa 5. Bwana harusi atakuwa amekwenda kulala, na wageni wa meza ya mwisho hawajalowesha koo. Kijana aitupa pampu yake ndogo, aleta kubwa iwezayo kutoa mililita 500 kwa dakika. Sasa sehemu ya mililita 100 yamiminika kwa sekunde 12, na pamoja na kubadilisha glasi zapita kama sekunde 30. Mashine mbili zikisimama bega kwa bega, wageni 300 watahudumiwa kwa saa moja na robo. Amefaulu? Bado. Pampu ile ndogo ikichelewa kusimama kwa nusu sekunde, yazidisha chini ya mililita moja, na hapana atakayejua. Pampu kubwa ikichelewa nusu sekunde ile ile yazidisha mililita 4 na zaidi. Ikiwa kipimo kilichotakiwa kilikuwa mililita 30, basi kosa hilo ni kama sehemu moja katika saba. Kijana amejifunza kwa mikono yake kuwa haraka na usahihi huvutana kama watu wawili wenye kamba moja. Na somo hilo halifundishwi vema ubaoni.

Halafu vinywaji vyenyewe vyaanza kumsumbua. Asubuhi, shira ikiwa baridi, yatiririka polepole. Adhuhuri, jua limepanda, yakimbia. Na programu ihesabuyo sekunde haijui tofauti hiyo. Aamua kupima kwa uzito badala ya muda, aweka mizani ndogo ya elektroniki chini ya glasi. Aambiwa kuwa mililita 100 za maji zina uzito wa gramu 100, naye adhani mambo yamekwisha. Kumbe mililita 100 za shira iliyotengenezwa kwa sukari na maji sawasawa kwa uzito zafika gramu 123, na mililita 100 za spiriti safi hazifiki gramu 79. Kila kinywaji kina hesabu yake. Tena ngoma zinapopigwa karibu, meza yatikisika, na mizani yaona uzito usiokuwapo. Yampasa aifundishe programu yake kusubiri, kupima mara nyingi na kutafuta wastani.

Soda nayo ni shauri jingine. Ikikamuliwa na pampu yatoa povu jingi, glasi yaonekana imejaa kumbe nusu yake ni hewa. Juisi ya embe ina nyuzi zinazoziba mpira. Sukari ikikauka ndani ya vali huwa kama gundi, na siku ya pili sisimizi wamekwisha kupata habari. Kinywaji kilicholala ndani ya mpira usiku kucha, katika joto la pwani, asubuhi kimechacha. Mwanafunzi aliyedhani kuwa anaunda mashine ya kumimina agundua kuwa nusu ya kazi yake ni mashine ya kujiosha. Na umeme? Pampu zinapowaka zote kwa mara moja huvuta nguvu ghafula. Kibao cha kompyuta chakosa pumzi, chajizima, chaanza upya, na chasahau kuwa glasi ilikuwa imekwisha kujaa.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza: haba isiyopimwa humwaga kibaba.

Sasa twaomba msomaji atufuate kutoka karamuni hadi hospitali, kwa maana njia si ndefu. Pampu iliyo katika nyingi za mashine hizo za vinywaji ina ufundi wa namna ya pekee. Mpira laini hulazwa ndani ya kibuyu cha nusu duara, na magurudumu madogo huupitia yakiukamua, kama mtu akamuaye chuchu ya ng'ombe. Kinywaji hakigusi chuma wala mota. Chagusa mpira peke yake, na mpira ukichafuka hubadilishwa. Pampu hiyo ilikuwa imekwisha kujulikana katika karne ya 19. Mapema katika miaka ya 1930, kijana mmoja wa udaktari katika chuo cha Tulane, mjini New Orleans, jina lake Michael DeBakey, aliishughulikia na kuiboresha ili itumike kumpa mgonjwa damu. Miaka ilipita. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, daktari John Gibbon alipasua moyo wa msichana wa miaka 18, na kwa dakika 26 kazi ya moyo na mapafu yake ilifanywa na mashine. Damu ilisukumwa na pampu za namna hiyo hiyo. Msichana alipona. Leo pampu ya mpira na magurudumu ndiyo inayosukuma damu ya wagonjwa wa figo katika mashine za kuisafishia damu.

Basi, kijana anayekamua shira ya ukwaju katika mpira anajifunza kazi ambayo tofauti yake na ile ya hospitali ni moja: matokeo ya kosa. Akikosea kwa mililita 5 karamuni, mgeni atasema sukari imezidi. Akikosea vivyo hivyo kwa dawa ya mshipani, huenda mgeni huyo asiseme tena.

Hatusemi hivi ili kuwatisha watu. Limekwisha kutokea. Kati ya mwaka 1985 na 1987, katika hospitali za Marekani na Kanada, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyoitwa Therac-25, ilihusika katika ajali 6 zinazojulikana ambamo wagonjwa walipigwa mionzi kupita kiasi mara nyingi. Baadhi yao walikufa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya chuma na vya umeme ambavyo vilikatiza kazi pale kipimo kilipokwenda kombo. Katika Therac-25 ulinzi mwingi uliachiwa programu peke yake. Mwendesha mashine mwepesi wa vidole aliposahihisha maagizo upesi, programu ilibaki imechukua nusu ya agizo la kwanza na nusu ya la pili. Walioiandika hawakuwa watu wabaya. Waliamini kuwa kwa sababu ilikuwa imefanya kazi jana, itafanya kazi kesho.

Mwanafunzi wa mashine ya vinywaji anaweza kulijifunza jambo hilo hilo bila kumwumiza mtu. Siku moja programu yake itagota pampu ikiwa inawaka. Shira itajaa glasi, itajaa meza, itashuka hadi viatu vya mkuu wa chuo. Huo ndio wakati wa thamani kuliko makofi yote. Kijana mvivu atapangusa meza na kuwasha upya. Kijana wa kweli ataweka mlinzi wa pili asiyetegemea programu: swichi inayokata umeme uzito unapozidi, au saa ya pembeni isemayo kuwa hapana pampu iruhusiwayo kuwaka zaidi ya muda fulani. Huyo wa pili ndiye tungependa aguse mashine za hospitali zetu.

Wala si hospitali tu. Maji ya bomba la kijiji hutiwa kloro ili yasilete kipindupindu. Shirika la Afya Duniani lashauri kuwa, baada ya nusu saa, kloro iliyobaki huru katika maji isiwe chini ya miligramu 0.5 katika kila lita. Ikipungua, ugonjwa wapita. Ikizidi sana, watu wayakimbia maji kwa harufu na kurudi mtoni. Kazi hiyo hufanywa na pampu ndogo ya kudondosha dawa, ndugu wa pampu ya karamuni. Mkulima wa umwagiliaji wa matone huchanganya mbolea katika maji kwa njia hiyo hiyo. Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuzoea mashine za kuuza maziwa, wanazoziita ATM za maziwa: mnunuzi hutoa fedha alizo nazo, hata kama ni chache, na mashine hummiminia maziwa ya thamani ile ile. Mwaka 2015, katika mtaa wa Mathare, Nairobi, yalianza kuuzwa maji kwa mashine za kadi. Maskini mwenye shilingi chache ndiye aliye na haja kubwa ya kipimo cha haki, kwa kuwa tone analopunjwa yeye ni la chakula cha mtoto.

Lakini tusije tukasifu upande mmoja. Yako mambo mawili ambayo vijana hawa yawapasa kuyatafakari kabla ya kuipeleka mashine yao sherehani. La kwanza ni kazi za watu. Wanaogawa vinywaji katika harusi zetu aghalabu ni vijana wanaoishi kwa ujira wa siku. Mwenye ukumbi akiona mashine moja, ataona watu wanne wa kuachishwa. Kweli, lazima pawepo mtu wa kujaza chupa, wa kuosha mipira na wa kutazama barafu. Lakini huyo ni mmoja, nao walikuwa wanne. Mwanafunzi asijifiche nyuma ya neno "maendeleo" kana kwamba halina mlipaji. Afadhali aseme wazi nani anafaidi, nani anapoteza, na aliyepoteza atafundishwa kazi gani.

La pili ni kuwa mashine haina macho ya utu. Mhudumu wa watu humjua mtoto akimwona, humjua aliyekwisha kulewa, na hujua kuwa mzee hapewi glasi kwa kusukumiwa mezani. Mashine humpa yeyote aliyebonyeza. Ikiwa ndani ya chupa mna kileo, basi aliyeiunda ana wajibu wa kumweka binadamu kati ya kitufe na glasi. Sisi tungependa zaidi mashine za wanafunzi zijazwe sharubati, tangawizi na maji ya matunda. Ufundi hautapungua hata kidogo, na shira ya sukari, kama tulivyoeleza, ni mwalimu mkali kuliko spiriti.

Tuna maombi matatu kwa walimu na wakuu wa vyuo. Kwanza, mashine ya namna hii isipewe alama kwa taa zake wala kwa makofi ya wageni. Ipimwe glasi 100 mfululizo, asubuhi na adhuhuri, kila moja iwekwe katika mizani, na daftari la makosa liwekwe mezani pamoja na mashine. Watu wa Wakala wa Vipimo hukagua mizani za sokoni na pampu za mafuta. Hatuoni kwa nini mwanafunzi asihukumiwe kwa roho hiyo hiyo. Pili, kabla kijana hajafunga sanduku lake, apelekwe siku moja katika hospitali, katika kiwanda cha maziwa au katika mradi wa maji, aone pampu ndugu ya pampu yake ikifanya kazi isiyokuwa na mzaha, naye aulizwe: ya kwako ingeweza kusimama hapa? Ikiwa haiwezi, aeleze kwa nini. Tatu, walioshindwa wasifiche. Mashine iliyomwaga shira hadharani, na ikaelezwa vema sababu yake, imeifaa nchi kuliko ile iliyofanya kazi siku moja ya maonyesho kisha ikatupwa stoo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na wewe mzazi uliyeuza ng'ombe, ukialikwa chuoni ukamkuta mwanao amesimama nyuma ya sanduku la vinywaji, usione haya wala usikasirike. Pokea glasi yako, onja, mshukuru. Halafu mwulize: "Mwanangu, ulikusudia mililita ngapi, na hapa zimo ngapi?" Akijua jibu, na akikuonyesha daftari, rudi nyumbani kwa furaha, ng'ombe wako hakupotea. Akibabaika, mwambie arudi akapime tena.